Mstari wa Chubwi

Kabla hujanionyesha cheti chako, nionyeshe vidole vyako. Ndivyo ninavyowaambia nyinyi vijana mnaonijia mlangoni hapa Wiyoni, bahasha kwapani, mkitaka kujua kazi ya kutafuta madini huingiwa kwa ndia gani. Mnatazamana. Mnadhani uzee umenipanda kichwani. Vidole, ndiyo! Viweke hapa nivione. Mwenye pete aivue. Mwenye mafuta ya nywele viganjani akanawe kwa sabuni, kisha arudi tuzungumze.

Mimi ni Omari, mtoto wa Amu, Lamu mnavyoiita nyinyi, na nimestaafu kazi ya kusoma mawe. Nilianza na nyundo na lenzi ya mkononi, wakati jiwe lilipelekwa maabara Nairobi na jibu likarudi wakati wewe ushasahau swali. Nikamaliza na skana ya eksirei, mashine iliyokaa ndani ya kontena lake, yenye kiyoyozi chake, ikitunzwa kuliko bwana harusi. Wengi wenu mkisikia eksirei mnafikiria hospitali na mfupa uliovunjika. Hii haitafuti mfupa. Nitawaeleza mara moja, kwa hivyo sikilizeni.

Kampuni ikitaka kujua chini ya ardhi kuna nini, hutoboa kwa bomba lenye meno ya almasi. Ndani ya bomba hutoka jiwe la duara, refu, unene wake kama mkono wa mtoto. Sisi tuliyaita magogo. Yale magogo huoshwa, hupangwa kwenye trei kwa utaratibu yalivyotoka, la juu mwanzo na la chini mwisho, kisha trei huingizwa kwenye skana. Mashine hulipiga jiwe kwa eksirei, na kila kilichomo hujibu kwa mwanga wake ambao jicho halioni. Chuma hujibu kivyake, shaba kivyake, chokaa kivyake. Kompyuta huuchora ule mwanga kama vilima, na penye kilima kirefu ndipo penye mali. Asubuhi jiwe linatoka ardhini, jioni unajua lina nini.

Basi habari zilipofika Amu kwamba Omari ana mashine inayojua dhahabu ya kweli na ya uongo, nilikosa raha. Niko nyumbani mapumzikoni, jirani akaja na bangili zake sita ndani ya leso. "Bwana Omari, hizi nibebee ukazipige hiyo eksirei. Nataka kujua niliolewa kwa dhahabu au kwa shaba." Nikamwambia mashine hairuhusiwi kusoma kitu ila mawe. Uongo mtupu, ingezisoma upesi kuliko kupiga chafya. Lakini nami nina ndoa yangu, na bangili za mke wangu nilizinunua mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mutiso, Mkamba mfupi mwenye sauti nzito, kule magharibi mwa nti kwenye dhahabu. Wiki yangu ya kwanza pale skanani niliona zinki imepanda kwenye gogo moja kama mnara wa msikiti. Nikatoka mbio nikipiga kelele, "Zinki! Zinki!" hata wapishi wakaja kutazama. Mzee Mutiso hakuinuka. Alimaliza chai yake. Kisha akaja na kitambaa, akalipangusa lile jiwe, akalirudisha kwenye mashine. Zinki ikatoweka. Kumbe ilikuwa grisi wanayopaka mabomba ya kutobolea, maana ile grisi imetiwa unga wa zinki.

"Kijana wa Lamu," akaniambia mbele ya wapishi, "hii mashine inaona ngozi tu. Ngozi ya jiwe, si nyama. Ukilipaka jiwe chumvi ya jikoni, itakuambia umepata bahari."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Osha. Halafu geuza. Ukiona kitu kikubwa, kwanza nyamaza, halafu geuza jiwe usome tumbo. Kitu cha kweli kiko mgongoni na kiko tumboni."

Nilicheka siku ile, nikaona ni mambo madogo ya wazee. Lakini nilishika, na miaka mingi niligeuza. Niligeuza kwenye dhahabu, nikageuza kwenye shaba, mpaka nikapata jina. Watu wa kampuni wakawa wanasema, akisema Omari basi. Na jina, wanangu, ndilo lililoniponza.

Kampuni moja ikaja kutoboa kisiwani Pate, karibu na Mbwajumali. Walikuwa wanatafuta risasi na zinki ndani ya mawe ya chokaa ya chini, na wakanichukua mimi kwa skana. Furaha niliyokuwa nayo! Miaka yote nimelala kwenye mabanda ya bara, sasa narudi visiwani kwetu na kontena langu, na kofia yangu ya plastiki, na watoto wakinifuata. Mkubwa wetu alikuwa Bi Nekesa, mwanajiolojia kutoka Bungoma, mama wa maneno machache na macho makali. Yeye ndiye aliyechagua pa kutoboa, na yeye ndiye aliyeandika ripoti.

Bandani, kazi ya kuosha na kupanga mawe ilikuwa ya Bwana Shee, mtu wa Mbwajumali. Alikuwa mvuvi mpaka goti lilipomkatalia kupanda chombo. Mikono yake ilikuwa mikubwa, lakini akilishika gogo la jiwe ungedhani ameshika yai. Siku ya kwanza alipoiona skana alinivuta pembeni. "Bwana Omari, nina gego lanisumbua. Siwezi kutia shavu humo mara moya tu?" Nikamwambia akitia shavu humo, gego litakuwa shida yake ndogo.

Nilimfundisha kila kitu, na kwa ukali. Visima vya kule vina chumvi, kwa hivyo nilimkataza kabisa kuosha mawe kwa maji ya kisima. Tukaosha kwa maji ya mvua kutoka jabia, lile birika kubwa la kijijini. Wanawake walinung'unika, ati mawe yanaogeshwa kwa maji ya kunywa, mpaka tukajenga tangi letu wenyewe. Kisha nikamfundisha mstari. Kila gogo huchorwa mstari mmoja mgongoni, kutoka kichwa hadi mwisho, kwa penseli ya nta, ili jiwe likivunjika au likiviringika tujue upande wa juu ni upi. Ule mstari hupita katikati kabisa, pale pale macho ya mashine yanapopita. Nta ile haidhuru kitu, mashine huipita kama haipo. Bwana Shee alichora mistari iliyonyooka kuliko ya wenye digrii.

Shimo la kwanza lilipakana na shamba la Bi Zena. Yeye alikuwa mjane, mwembamba, anayetembea haraka, na ulimi wake kijijini ulijulikana. Katika shamba lake kulikuwa na minazi sita iliyosimama mstari mmoja. Kila mnazi ulipandwa siku mtoto wake alipozaliwa, na kitovu cha mtoto kikazikwa pale. Alikuwa akiiita minazi kwa majina ya watoto. Asubuhi utamsikia, "Maryamu yeo ameangusha kuti," na Maryamu mwenyewe yuko Amu na wajukuu.

Siku moja boti ya mizigo iliharibika, na vitu vyetu vikakwama. Bwana Shee akaja mlangoni mwa kontena. "Bwana Omari, penseli zimekwisha."

Mimi macho yangu yako kwenye kompyuta. Sikugeuza hata shingo. "Chora na chochote, bora mstari uonekane."

"Chochote?"

"Chochote, bwana! Usinikatize."

Maneno hayo ni yangu. Nataka myakumbuke ni yangu, kwa sababu mbele kidogo nitawaeleza jinsi nilivyotamani yawe ya mtu mwingine.

Baada ya siku mbili, risasi ikapanda. Si kilima kimoja, ni vilima, gogo baada ya gogo, trei baada ya trei. Safari hii sikupiga kelele, nilikuwa mtu mzima mwenye jina. Nilimwita Bi Nekesa kwa heshima, nikamwekea kiti, nikamwonyesha. Alipitia kilima kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu.

"Na salfa?" akauliza. Alikuwa na haki ya kuuliza. Risasi ndani ya mwamba kwa kawaida huja na salfa, hutembea pamoja.

Nikamweleza kwamba penye risasi nyingi mashine hupata taabu kuitambua salfa, maana mianga yao inakaribiana. Maelezo yangu yalikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana yalitupumbaza sote wawili.

"Na hapa palipovunjika?" Akaonyesha kwa kalamu. Pale jiwe lilipotoka vipande vidogo vidogo, risasi hakuna hata chembe. Nikasema huenda imeoshwa na maji ya kutobolea. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku ile.

Akanitazama usoni. "Umegeuza? Umesoma tumbo?"

"Nimesoma," nikasema.

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimekusudia kusoma. Nilikuwa na trei nyingi zinangoja, na moyo wangu ulikuwa ushasema risasi ipo, na ipo kwetu, na aliyeiona ni Omari wa Amu. Sikuona kama nasema uongo. Niliona kama natanguliza tu jambo nitakalolifanya kesho. Nikatia sahihi.

Nusu ya mawe yakapelekwa maabara kama ilivyo desturi, na jibu lingechukua wiki nyingi. Lakini mashine ya kutoboa ilikuwa pale pale imesimama, na Bi Nekesa akaamua shimo la pili litobolewe bila kungoja. Pa kutoboa palikuwa ndani ya shamba la Bi Zena, na ndia ya kuipitisha mashine ilipita juu ya ile minazi sita.

Nani atasema na Bi Zena? Kampuni nzima wakanigeukia mimi. Nikaenda na Bi Nekesa, nikiwa nimevaa kanzu safi, nikaketi ukumbini kwake. Nikamweleza habari za risasi, na barabara, na zahanati, na watoto kupata kazi karibu na nyumbani. Alinisikiliza huku akipepeta mchele. Fidia hakuiuliza kabisa.

"Wale ni wanangu, Bwana Omari. Vitovu vyao viko pale tini."

"Najua, Bi Zena. Lakini hii ni heri ya kisiwa kizima."

"Hiyo risasi, umeiona wewe kwa mato yako?"

"Nimeiona."

"Mashine haikosei?"

"Yangu haikosei."

Akaweka ungo chini. "Basi nimekubali kwa neno lako wewe, si kwa neno la kampuni. Wao siwajui." Tukapanga minazi ikatwe Jumamosi asubuhi.

Ijumaa yake nilikwenda msikitini mapema. Bwana Shee nikamkuta birikani anatawadha, na udhu wake haukwisha. Alikuwa anasugua vidole kwa mchanga, anavitazama, anasugua tena. Nikachuchumaa kando yake. Ncha za vidole vyake zilikuwa za kijivu, na kucha zina weusi unaong'aa.

"Vidole vyako vina nini?"

"Si hii chubwi. Haitoki upesi."

"Chubwi gani? Wewe si umewacha uvuvi?"

"Chubwi za mishipi yangu ya zamani. Si ulinambia nichore na chochote?" Akachekelea, akatoa mfukoni kipande cha chubwi, akapiga mstari kwenye ukingo wa birika. Mstari wa kijivu, mwembamba, umenyooka. "Tazama! Kwenye iwe leupe yaandika kuliko ile penseli yenu. Wala haifutiki kwa mai."

Wanangu, kwa asiyejua: chubwi ni ule uzito mvuvi anaoufunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Na chubwi ni risasi. Risasi tupu, ya kuyeyushwa jikoni na kumiminwa kwenye kibao cha mbao. Mimi nimekulia ndani yake. Babangu alikuwa akiyeyusha uani kwetu, na mamangu akimfukuza. Hakuna mtu duniani aliyepaswa kujua jambo hili kuliko mimi, na mimi ndiye niliyeichora kwenye ripoti kama mali ya ardhini.

Niliswali, lakini sikumbuki imamu alisoma nini. Mwili ulikuwa safuni na roho iko ndani ya kontena. Salamu ilipotoka sikungoja dua wala darsa. Nilikimbia na kanzu yangu mpaka kontenani, nikalitoa gogo lililokuwa na kilima kirefu kuliko yote, nikaliosha, nikaligeuza. Nikaisubiri ile mashine, nikisoma kila uradi ninaoujua. Chokaa ikapanda, chuma kidogo. Risasi, hakuna. Nikachukua la pili. Hakuna. La tatu. Hakuna.

Nikaketi. Na sasa nitawaambia jambo ambalo sikuwahi kuliandika kwenye ripoti yoyote. Nilifikiria kunyamaza. Mawe ya maabara yangerudi baada ya wiki nyingi, na majibu yangesema hakuna kitu, na kampuni ingesema bahati mbaya, na mashine zingeondoka. Mara ngapi makampuni yanatoboa na kukosa? Hakuna mtu angeuliza. Na kama angeuliza, yuko Bwana Shee, mtu asiyejua kusoma vilima vya kompyuta, vidole vyake vyenyewe ni ushahidi. Astaghfirullah! Niliyapanga hayo yote, moja baada ya jingine, kwa utulivu kabisa, nikiwa na kanzu ya Ijumaa. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyomwogopa Mola wangu.

Hapo ndipo nikasikia msumeno wa mashine.

Mkata miti alikuwa mtu wa bara, si Mwislamu, na aliona hana sababu ya kungoja Jumamosi wakati msumeno uko tayari na wenyeji wako msikitini. Nikatoka na gogo la jiwe mkononi. Sijui nilikimbiaje, maana hata wakati ule sikuwa kijana. Nilipofika, mnazi wa kwanza ulikuwa ushalala, kilele chake kimevunja ua wa nyumba ya kuku. Bi Zena alikuwa amesimama kando, leso yake ameikunja ndani ya ngumi. Watu walikuwa wanamiminika kutoka msikitini, na Bi Nekesa anakuja mbio kutoka upande wa bandani, amekasirika, anauliza nani kamruhusu huyu kuanza leo.

"Zima!" nikamlilia mkata miti. "Zima! Hakuna risasi!"

Msumeno ukanyamaza.

"Hakuna nini?" akauliza Bi Nekesa.

Bwana Shee alikuwa kafika, anachechemea. Alinitazama, akalitazama jiwe, kisha akavitazama vidole vyake, na nikaona ameelewa. Akafungua kinywa. "Bi Nekesa, kosa ni langu mimi. Mimi ndiye niliye—"

Hapo wanangu palikuwa na nafasi ya pumzi moja tu. Ningeinama, nikajifanya nafunga viatu, ingepita.

"Si yake," nikasema. "Aliniuliza, nikamwambia achore na chochote, na sikumtazama. Nipe chubwi, Bwana Shee." Akanipa. Nikachora mstari kwenye lile gogo mbele ya watu wote, nikamkabidhi Bi Nekesa. "Hii ndiyo risasi yetu. Iko mgongoni tu. Tumbo nimelisoma sasa hivi, halina kitu."

"Uliniambia umegeuza."

"Nilisema uongo."

Hakupaza sauti. Angepaza ningeshukuru. Alimwambia mkata miti afunge vitu vyake aende zake, kisha akaniambia nikasome upya kila jiwe, tumbo la kila gogo, na jina langu halitakuwa kwenye ripoti. Akaondoka na lile jiwe.

Nikabaki mimi na Bi Zena. Watu wamesimama, hakuna anayetaka kupitwa.

Akaja akanichukulia ile chubwi kiganjani, akaigeuza geuza kwa vidole viwili. "Ndiyo heri ya kisiwa kizima hii?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona. Yeye hakucheka. Akaelekea kwenye ule mnazi ulioanguka, akaweka mkono kwenye kisiki. "Huu ulikuwa wa Athmani."

"Nisamehe, Bi Zena."

"Athmani mwenyewe yuko Mombasa, mzima, alhamdulillahi. Ningekuwa nimezika mtoto usingesimama hapo." Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Lakini hapa hapatakaa patupu. Utapanda wewe, kwa mikono yako. Na utakuwa ukiya kuutilia mai, usitume mtu. Na utaitwa Omari, ili nikiukasirikia nijue namkasirikia nani."

Nikapanda. Nilibaki Mbwajumali mpaka kazi ilipofungwa, nikigeuza mawe mchana na kubeba ndoo ya maji jioni. Bi Nekesa aliniondoa kwenye kiti cha skana na kunitia bandani chini ya Bwana Shee, na Bwana Shee akawa bosi mkali. "Osha vizuri, Bwana Omari. Hapa pana tope." Siku moja akanipa penseli ya nta mpya kwa mikono miwili, kama anayetoa posa, na mabanda yote yakacheka wiki nzima. Majibu ya maabara yaliporudi hayakumshangaza mtu. Kampuni ikafunga vitu ikaondoka. Miezi michache baadaye Bi Nekesa alinipigia simu, ana kazi bara, anataka mtu wa skana. Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu sasa sina haja ya kukuuliza kama umegeuza." Nilifanya naye kazi mpaka nilipostaafu, na kweli hakuniuliza tena. Na mimi sikupitisha kilima hata kimoja bila tumbo lake.

Mashine za siku hizi ni hodari kuliko ile yangu. Zinasoma pande zote mara moja, zinapiga na picha, na zinakwambia zenyewe kwamba hapa pana shaka. Vizuri sana, zitumieni, msije mkasema mzee alisema turudi kwenye nyundo. Lakini kuna mtu aliyelishika lile jiwe kabla yako. Mfahamu jina lake. Ukiulizwa swali, mgeuzie shingo yako yote. Na mtazame vidole, kisha utazame vyako. Ndiyo maana leo nimewafanya mviweke mezani.

Mnazi wangu ulichelewa. Kila nilipokwenda Pate nilipokewa na habari zake. Omari amedumaa. Omari ameliwa na chonga, yule mdudu wa minazi. Omari ana makuti mengi lakini haoni haya, hazai. Bi Zena alikuwa akinipigia simu mwenyewe kunieleza, na sauti yake imejaa raha. Mke wangu akisikia simu inalia alfajiri husema, "Pokea, unaumwa huko Mbwajumali."

Mwezi uliopita Athmani, yule mwenyewe wa Mombasa, alipita hapa Wiyoni akitoka kumtazama mamake. Alinishushia kifurushi cha gunia. Ndani mna madafu manne, ya kwanza ya mnazi wangu. Nikalitoa moja. Kutoka kikonyoni hadi kitakoni limechorwa mstari mweusi wa makaa, umenyooka vizuri, na nilijua ni mkono wa nani ulioombwa kuuchora.

"Mama kasema unywe," Athmani akanambia, anajizuia kucheka. Mke wangu kashasogeza panga na bilauri.

Nikalichukua lile dafu kwa mikono miwili. Nikaligeuza kwanza, nikalitazama tumbo.